Hayupo

Coon Rapids, Minnesota
27 Novemba 2023

Mpendwa Baba Valentina,

Salamu kwako na kwa binti yetu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Gari langu kuukuu, lile ulilolicheka kwenye picha, limekataa kuwaka tangu Jumanne. Fundi alilitazama vile sisi manesi tunavyomtazama mzee ambaye familia yake imeshaitwa.

Usihofu, kazini nafika. Kuna mwanakwaya mwenzangu, Mugisho, Mkongo wa Bukavu. Mkewe, Donatille, alifariki wakiwa bado katika kambi ya wakimbizi, kabla hawajaletwa huku. Kiwanda anachofanya kazi kiko mbele kidogo ya nyumba yetu ya wazee, kwa hiyo ananipitia asubuhi. Ni mtu mpole. Ngazi za mlango wangu zikishika barafu anazimwagia chumvi bila kuombwa.

Misa ya Kiswahili ilikuwa jana kule Saint Paul. Tuliimba vizuri, lakini mwezi huu usihangaike kuitafuta mtandaoni. Sauti ilikuwa mbovu, kipaza kilikoroma mwanzo hadi mwisho. Ngoja ya Desemba, hiyo ndiyo itakuwa nzuri.

Nafurahi tulivyokubaliana, simu ya Jumapili iwe ya Valentina na barua ziwe zetu sisi wawili, kama enzi zile ulipokuwa bado Quaker wa Kaimosi ukinitongoza kwa karatasi za daftari. Kwenye simu siwezi kukuambia kwamba siku hizi nalala katikati ya kitanda. Nimezoea, na sipendi kwamba nimezoea. Ubalozi wamesema nini kuhusu viza yako? Huu ni mwaka wa nne.

Mbusu Valentina. Mwambie mama yake anamwombea kila siku.

Wako,
Laurencia


Khayega, Kakamega
20 Desemba 2023

Kwako Mama Valentina,

Barua yako imefika. Pole kwa gari, pole kwa barafu, na pole zaidi kwa kipaza sauti.

Mimi ni mzima. Narudia, ni mzima kabisa. Nakula, natembea, napumua kwa pua zote mbili. Juzi nilibeba gunia la mahindi kutoka barabarani mpaka jikoni na sikupumzika. Ukikutana na mtu yeyote huko anayetilia shaka, mweleze hivyo.

Darasa langu la komunyo ya kwanza lina watoto kumi na tisa mwaka huu. Wiki jana tulifika amri ya nane, usiseme uongo. Kasichana kamoja kakainua mkono kakauliza, "Mwalimu, mtu akinyamaza tu, amesema uongo?" Nikakaambia nitakajibu baada ya Krismasi. Mimi ni Mkatoliki wa kuhamia, nilibatizwa ukubwani kwa ajili ya macho yako. Wewe uliyezaliwa humo ungekajibuje?

Huyo Mugisho msalimie. Mwambie kwa maneno haya haya: "Jairus, mume wa Laurencia, anakusalimu na anakushukuru kwa chumvi." Usiyafupishe.

Ubalozi bado. Valentina ameota jino jipya mahali pa lile lililong'oka na anataka ulione kabla halijawa la zamani. Na mimi kitandani bado nalala upande wangu ule ule wa ukutani. Upande wako nimeweka vitabu vya katekesi, ili nisije nikaingia huko kwa bahati mbaya.

Krismasi njema, mke wangu.

Mumeo aliye hai,
Jairus


Coon Rapids
18 Februari 2024

Baba Valentina,

Nisamehe kwa kuchelewa. Wazee wetu wameumwa mafua wote kwa pamoja na tumefanya shifti juu ya shifti.

Kasichana kale kaambie kwamba kunyamaza ni kunyamaza tu. Hapana, usikajibu hivyo. Mwachie paroko.

Salamu zako kwa Mugisho bado ninazo. Nafasi haijapatikana.

Kwaresima imeanza. Jumatano nilipakwa majivu kabla ya kazi, na mzee mmoja pale kazini akachukua kitambaa akanifuta uso kwa upole, akidhani nimechafuka. Sikumzuia. Nilifunga macho. Ni muda mrefu tangu mtu anifute uso.

Nakutamani. Najua katekista atakimbilia amri ya tisa kulitafuta neno hilo, lakini nenda usome vizuri, kumtamani mume wako mwenyewe hakujakatazwa popote. Nakutamani asubuhi nikifunga viatu, nakutamani tukivuka daraja la Mississippi na mto umeganda chini, mweupe, umenyamaza. Wewe upo huko na mimi nipo hapa na maisha yanapita katikati yetu.

Njoo upesi. Leo sitanii. Njoo upesi, Jairus.

Nimekuita kwa jina. Halikuwa limenitoka mdomoni tangu tupate mtoto.

Laurencia


Coon Rapids
16 Machi 2024

Ndugu Mugisho,

Nakuandikia kwa sababu ndani ya gari lako sitaweza. Nimejaribu asubuhi tatu mfululizo, na kila mara ukaniuliza kama heater inatosha, nikasema inatosha, tukafika.

Jumapili uliniambia Jumatatu ya Pasaka utakwenda Eagan na wazee wawili, kwa wifi yangu Peris, dada ya marehemu, kumwomba familia ikuruhusu kunioa. Ni heshima kubwa. Tafadhali usiende. Peris atakuuliza, marehemu gani?

Kumbuka ile siku ya Oktoba kwenye ngazi zangu. Uliona sina pete. Huwa naivua kazini kwa sababu ya glavu. Uliniuliza, "Na baba ya mutoto?" Nikasema, "Hayupo." Nilimaanisha hayupo hapa, yuko Kenya. Wewe ukavua kofia. Katika baridi ile, ukavua kofia ukaishika kifuani ukasema, "Pole sana, mama." Hapo ndipo nilipaswa kucheka na kukurekebisha. Sikucheka. Niliona ulivyonitazama, nikaipenda pole yako, nikaiweka.

Mume wangu yu hai. Ni katekista huko Khayega, ana miaka arobaini na miwili, na maneno yake ni mengi. Ile Misa ya Novemba uliyomwombea, nia ilikuwa yako na ilikuwa njema. Dhambi ni yangu peke yangu.

Usinipitie tena asubuhi. Wewe hujafanya kosa lolote. Lakini ukija, nitapanda.

Laurencia


Saint Paul
20 mars 2024

Mama Laurencia,

Barua yako nilisoma mara tatu. Ya kwanza nilizani ni Kiswahili ya Kenya imenishinda. Ya pili nilikasirika sana, sitakuficha. Ya tatu nililia.

Siku ya ile messe ya Novemba nilimuomba bibi yangu Donatille amupokee bwana yako kule juu. Nilimwambia, huyu ni mugeni, anasema Kiswahili ya ku Kenya, umuoneshe njia, juu wewe ulitangulia. Na tangu ile siku, nikisali, nilikuwa namuuliza kama walishaonana. Sasa nitamwambia Donatille nini? Kama asimungoje tena?

Niko na haya mbele ya bwana yako. Mutu mwenye sijawahi kumuona, na mimi nilimuzika.

Wazee nilishawaambia hatuendi tena Eagan. Hawakuuliza sababu. Kwaya nitaimba ku Misa ya Kifaransa kwanza, mupaka roho itulie. Nilikuachia mufuko wa chumvi mbele ya mulango, baridi haiyaisha bado.

Bwana yako akikuja siku moja, nitamusalimia na mikono mbili. Umwambie anisamehe. Donc, Mungu akulinde.

Mugisho


Coon Rapids
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mpendwa Baba Valentina,

Kaa chini ndipo usome. Valentina asiwe karibu.

Huku mimi nimekuzika. Mwezi wa Oktoba, Mugisho aliniuliza kuhusu baba wa mtoto nikasema hayupo, akaelewa kwamba umekufa, na nikamwacha aelewe hivyo. Neno moja tu. Nikalivaa miezi mitano kama koti la kuazima, maana lilikuwa na joto.

Mwisho wa Novemba, mwezi wa marehemu, Mugisho alijaza fomu ya nia ya Misa bila kuniambia. Susan, karani wa parokia, ana fomu zenye visanduku viwili, marehemu na aliye hai, na Mugisho akatia alama kwenye cha marehemu. Nikiwa nimesimama kwenye kwaya, padre akasoma, "Tumwombee marehemu Jairus, mume wa Laurencia wetu." Baada ya Misa kina mama wakaja na pole. Ernestine alileta sufuria ya sombe, kile kisamvu cha Wakongo, mpaka nyumbani kwangu, akanipakulia kwa mkono wake. Nikala, Jairus. Nilikula matanga yako na nikasema asante. Ndiyo maana nilikuandikia uongo kuhusu kipaza sauti. Kipaza kilikuwa kizima.

Sasa lililo zito zaidi. Mwanzoni mwa Februari tukiwa njiani alinishika mkono. Alikuwa ananieleza jinsi Donatille alivyokuwa akipanga viazi sokoni, na mkono wake ukaja juu ya wangu. Sikuutoa. Kutoka taa za kwetu mpaka daraja la Mississippi sikuutoa. Hakukuwa na zaidi ya hapo, nakuapia, lakini nilitaka daraja lisifike. Nilikuandikia siku chache baadaye kwamba nakutamani. Ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba nilikuwa nakimbia, nikitaka wewe ndiye unishike.

Nilikwenda kuungama mwanzo wa Kwaresima, kwa padre mzee Mmarekani wa hapa karibu. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba nilimwambia mtu mume wangu hayupo. Akauliza, "Je, yupo hapa?" Nikasema hapana, Father, yupo Kenya. Akasema, "Basi ulisema kweli, binti yangu. Usijitese." Akanipa Salamu Maria tatu. Unaona, kwa Kiingereza sikuwa na dhambi! Nilitoka pale nikiwa mwepesi mpaka kwenye maegesho, na palepale kwenye maegesho nikajua kwamba nimemdanganya padre kwa lugha. Yule shetani wa kwenye vitabu vyako, mwenye mapembe na mkia, angekuwa rahisi. Wangu aliniambia tu, nenda nyumbani, umeshasamehewa, na kesho saa kumi na mbili na nusu gari litakuja.

Nilingoja mwisho wa mwezi, padre wa Misa ya Kiswahili alipokuja. Huyo ni Mtanzania. Nilipotamka "hayupo" hakuhitaji maelezo. Akanipa malipizi, niliondoe neno hilo kwa kila mtu aliyelipokea na nikuandikie wewe. Hata hapo nilizunguka wiki tatu, mpaka Mugisho alipotaka kwenda kwa Peris kupeleka posa. Fikiria, kwa dada yako!

Nimemwandikia Mugisho ukweli. Amejibu, anakuomba msamaha, yeye ambaye hana kosa, na anauliza sasa amwambie nini Donatille, aliyemwomba akupokee kule juu. Leo baada ya Misa nilisimama mbele ya kina mama wa kwaya nikawaambia. Ernestine alisema, "Sombe yangu!" kisha akatoka nje. Siku hizi napanda mabasi mawili na natoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri. Jana asubuhi gari linalofanana na lake lilipunguza mwendo kituoni. Sikujua kama ni yeye. Nilishika mlingoti wa kituo kwa mikono yote miwili mpaka likapita, halikuwa lake, na nikaona aibu kwa vile nilivyosikitika kwamba halikuwa lake. Nakuambia hata hilo, maana nimechoka kuchagua ya kukuambia.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunitukana, nitasoma yote. Niambie tu kama bado nina mume.

Nimekosa mimi.

Laurencia


Khayega
20 Aprili 2024

Mama Valentina,

Nilijua.

Uliponikataza kuitafuta Misa ya Novemba nilikuwa nimeshaitazama wiki tatu kabla barua yako haijafika. Nani asiyetaka kumwona mke wake akiimba? Tulikaa jikoni, mimi na Valentina, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Tukakuona mstari wa pili, kitambaa cha bluu. Kipaza kilikuwa safi kuliko cha kwetu. Nikasikia jina langu. Mwanzoni nilijiunga na maombi, kwa mazoea, nikasema "utusikie, Bwana". Ndipo neno lililotangulia jina likaniingia akilini, marehemu.

Valentina aliniuliza, "Baba, mbona wamekuombea kama umekufa?" Nikamwambia, "Ni Jairus mwingine." Kwa hiyo uongo wako ulizaa huku Khayega siku hiyo hiyo, na mkunga nilikuwa mimi.

Niliumia, Laurencia. Sitakufanyia mzaha hapa. Nilikuwa nikitembea njiani na watu wakinisalimu najiuliza kama wanaona. Nilikutegea maneno kwenye barua ya Desemba ili uungame bila mimi kukuuliza. Niliporudishiwa "kunyamaza ni kunyamaza tu" niliirusha karatasi chini. Halafu nikaiokota, kwa sababu ya ule mstari wa mwisho ulioniita kwa jina.

Sasa nisikilize na mimi, maana siwezi kukaa kwenye kiti cha padre wakati nina yangu. Ubalozi walijibu tangu Januari. Usaili wangu ni tarehe 6 Mei. Barua yao niliificha kwenye kitabu cha nyimbo nikakuandama kwa kimya changu, kila Jumapili ukiuliza nikisema bado. Nilijiambia, kama mimi ni marehemu, marehemu hawapandi ndege. Nilikusudia siku ile ipite. Nilitaka ulionje vizuri hilo neno lako. Na ilikuwa tamu, mama, sitakudanganya, kulala kila siku na kisasi changu juu ya vile vitabu vya katekesi. Tangu Januari sikupokea komunyo. Waumini waliona. Katekista akibaki kwenye benchi, kanisa zima linapiga hesabu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma nyuma ya jiko, nikafika kwenye ule mlingoti wa kituo cha basi, nikashindwa kuendelea. Nilikuona umeushika. Nikasema, huyu mwanamke ameshika chuma cha baridi kwa ajili yangu, na mimi nimeshika nini? Jana niliungama. Paroko wetu hakunipa Salamu Maria hata moja. Alisema, "Nenda ukakitoe kile kikaratasi kwenye kitabu cha nyimbo."

Nimekitoa. Nimeshatafuta mtu wa kukaa na Valentina siku mbili. Nguo ya kuvaa ubalozini ni ile suti ya harusi, bado inanitosha, kwa taabu. Sijui watasema nini, walishanikataa mara mbili. Lakini watanikataa nikiwa mbele yao.

Mugisho mwandikie kwamba sina cha kumsamehe. Mwambie pia asimwondoe Donatille kwenye zamu. Siku yangu ikifika kweli, nitahitaji mwenyeji.

Valentina nimemweleza ukweli, kwamba yule Jairus alikuwa mimi, na kwamba mama alikosea neno na baba akakosea kunyamaza. Akauliza, "Kwa hiyo umefufuka?" Na mimi ndiye mwalimu wake wa dini.

Umeniuliza kama una mume. Nenda kwa Susan, uchukue fomu ile ile, utie alama kwenye kisanduku cha pili. Misa ya mwisho wa Aprili hutaiwahi, barua hii bado itakuwa njiani. Iwe ya Mei. Tutakaa jikoni, chupa ya chai mahali pake. Padre akifika kwenye jina langu, nitainuka kitini nimwitikie kama watoto wanavyoitikia rejista, na wewe ukiwa mstari wa pili hutasikia kitu, lakini ujue nimesema.

Nipo.

Mumeo,
Jairus